MASHAURI YA NYUMBA ZETU: Uulize Upepo Kabla ya Kuwasha Moto



Mwezi uliopita tulisema nanyi juu ya maji ya kunywa, jinsi ya kuyachemsha na kuyatunza katika mtungi uliofunikwa. Tulikuwa tumekusudia kuendelea mwezi huu na habari za usafi wa jikoni, lakini majira yametushika mkono. Majani yamekauka, vijito vimekuwa mawe matupu, na kila jioni tutazamapo ng'ambo ya bonde twaona moshi wa wachomao mashamba. Haifai kuandika juu ya sufuria huku moto u karibu na mlango. Basi tutasema juu ya moto wa porini, na hasa juu ya siku zile ambazo moto huo huacha kuwa mtumishi wetu ukawa adui.

Neno letu ni moja tu, na mengine yote yatatoka katika hilo. Watu wengi huogopa moto mgeni, lakini moto uuao mara nyingi ni ule tuliouzoea. Moto ni uleule wa mwaka jana. Siku ndiyo iliyo nyingine. Kwa hiyo kabla ya kuwasha yatupasa kuuliza upepo, na jani, na hewa ya siku ile, tusiulize desturi wala kalenda.

Hatusemi hivi kama watu waliosoma vitabuni tu. Twasema kama wakosaji.

Kosa letu

Mwezi wa Oktoba mwaka 2012 sisi tuandikao haya tulikuwa tukiangalia shule ndogo iliyo ubavuni mwa kilima. Nyuma ya darasa majani yalikuwa yamepita kiuno cha mtu, na nyoka wawili walikuwa wamekwisha kuuawa humo. Kila mwaka kabla ya mvua majani yale yalichomwa, na kila mwaka moto ulikwenda hata njia ya miguu ukafa wenyewe. Basi siku ya Alhamisi, baada ya chakula cha mchana, tuliwaita wavulana kumi na wawili wa darasa la juu, tukawapa matawi mabichi na ndoo mbili za maji, tukawapanga mstari.

Juu ya kilima, hatua kama mia mbili, palikuwa na nyumba ya bibi mmoja mjane, imeezekwa kwa nyasi, na kando yake kihenge cha mahindi. Bibi yule alipoona tunajitayarisha, alishuka na fimbo yake. Tukamwamkia, "Shikamoo, bibi." Akaitika, "Marahaba, mwalimu." Kisha akainama, akachuma jani moja, akalikunja kiganjani. Jani likalia, likavunjika vipande vipande. Akasema, "Mwalimu, jani la leo linalia. Tena tangu asubuhi upepo umegeuka mara mbili. Ngojeni kesho alfajiri, umande ukiwapo."

Tulimjibu kwa adabu, lakini moyoni hatukumsikiliza. Tulisema, "Usiwe na shaka, bibi. Kazi hii tumeizoea." Yeye akatutazama kidogo, asiseme neno, akapanda kurudi kwake.

Muda wa nusu saa moto ulikwenda vema. Kisha upepo uliokuwa ukishuka kutoka kilimani ukanyamaza kabisa, nasi tukadhani ni baraka. Mara ukavuma kutoka bondeni kwa nguvu, ndimi za moto zikainama kuelekea juu, na moto ukaruka njia ya miguu kana kwamba njia haikuwapo. Wavulana walipiga, na matawi yakashika moto mikononi mwao. Tuliwapigia kelele warudi nyuma, mahali palipokwisha kuungua. Kumi na mmoja walirudi. Mmoja, kijana wa miaka kumi na mitano, alikumbuka ya kuwa bibi yu peke yake na masikio yake ni mazito, akakimbia kupanda kilima mbele ya moto ili amtoe.

Alimfikia. Wakatoka pamoja, wakashuka upande wa pili penye miamba, nao wakapona. Lakini kabla ya kufika kule juu moto ulikuwa umekwisha kumshika kijana miguu yote miwili. Nyumba iliungua, na kuku, na kihenge chenye chakula cha mwaka mzima. Kijana alilala hospitali wiki tisa. Leo yeye ni baba wa watoto wawili, lakini hawezi kutembea mwendo mrefu, na kila Jumapili apitapo mbele yetu kwenda kuketi twayaona makovu yake.

Wakristo walijenga nyumba ya bibi upya, nasi tulilipa mahindi kwa misimu miwili. Siku tuliyomletea gunia la mwisho tulimwomba tena atusamehe. Akasema, "Mwalimu, nimekwisha kukusamehe nyumba na kihenge. Lakini usiniambie tena ya kuwa umezoea." Neno hilo halijatutoka mpaka leo. Wazee walisema mazoea yana taabu, nasi tulikuwa tukiifundisha methali hiyo darasani pasipo kuijua.

Habari ya Peshtigo

Tulipokuwa bado katika majuto hayo, padre mmoja alitusimulia habari za padre wa zamani, Peter Pernin, aliyekuwa akihudumu katika mji wa Peshtigo, jimbo la Wisconsin, katika Marekani. Tangu hapo tumeitafuta habari hiyo na kuisoma, nasi twawapa kwa ufupi, maana ni kioo cha kosa letu.

Mwaka 1871 katika nchi ile mvua zilikuwa haba sana wakati wote wa kiangazi. Watu walikuwa wakikata misitu ili wapate mashamba na kufungua njia ya reli, na takataka za miti walizichoma kama walivyozoea. Moto huu mdogo ulikuwa ukiwaka huku na huku porini kwa majuma mengi. Moshi ulijaa angani, watu wakakohoa, wakaendelea na kazi zao. Hapakuwa na jambo geni. Kisha usiku wa Jumapili, tarehe 8 Oktoba, upepo mkali ulivuma. Ule moto mdogo uliotawanyika ukaungana ukawa mmoja, ukaujia mji kwa ngurumo. Waliokufa mjini na vijijini walihesabiwa kuwa kati ya 1,200 na 2,500. Hesabu kamili haikupatikana, kwa maana nyumba nyingine ziliteketea na wote waliokuwamo, asibaki mtu wa kuwataja majina. Katika nchi ya Marekani hakuna moto wa porini uliopata kuua watu wengi kama huo. Usiku uleule mji wa Chicago nao uliungua, na dunia ikasikia habari za Chicago zaidi kuliko za Peshtigo.

Padre Pernin alikuwa amehisi hatari mapema jioni ile. Alimfungulia farasi wake, akachimba shimo akafukia vitu vya kanisa, kisha akaweka tabernakulo juu ya gari dogo akalivuta mwenyewe mpaka mtoni. Njiani aliona watu wakikimbia huku na huku pasipo kujua waendako. Wengine walikuwa wamesimama ukingoni mwa mto, wameduwaa, wanatazama moto. Akawasukuma majini, naye akaingia. Walikaa humo zaidi ya saa tano, tangu kama saa nne ya usiku, wakijirushia maji vichwani pasipo kupumzika, kwa maana hewa yenyewe ilikuwa ikiwaka juu yao. Hivyo wakapona.

Angalieni mambo mawili. La kwanza, moto uliowaua watu wa Peshtigo waliuwasha wenyewe kidogo kidogo, nao waliuona kila siku wala hawakuuogopa. Upepo wa usiku mmoja ndio uliobadili habari. La pili, padre yule alikuwa mtu wa sala, na kwa hiyo hiyo alichimba, akavuta gari, akaingia majini. Wako Wakristo wasemao, "Tutaomba, Mungu atatulinda," kisha wakaketi. Ndugu, Mungu aliyetupa sala ndiye aliyetupa macho ya kutazama upepo na miguu ya kuondokea.

Alama za siku mbaya

Mtu atauliza, "Nitaijuaje siku iliyo mbaya?" Wataalamu wa moto katika nchi nyingine wana hesabu nyepesi ya kukumbuka: joto likipita digrii 30, unyevu wa hewa ukishuka chini ya 30 katika mia, na upepo ukipita kilometa 30 kwa saa, basi mambo hayo matatu yakikutana, mtu asiwashe kitu cho chote nje. Sisi hatuna vyombo vya kupimia nyumbani mwetu, lakini Mungu hakutuacha bila vipimo. Yako mambo matano ambayo hata mtoto aweza kuyapima.

Kwanza, jani. Chuma jani kavu, likunje kiganjani. Likipinda tu, bado lina maji kidogo. Likilia na kuvunjika, liogope.

Pili, umande. Toka nje alfajiri, upite majanini. Miguu ikirudi mikavu, hewa haikuwa na unyevu hata usiku, na mchana itakuwa kavu zaidi.

Tatu, upepo. Tazama matawi ya miti. Majani yakicheza tu, upepo ni mdogo. Matawi yenyewe yakiyumba na vumbi likiinuka njiani, upepo una nguvu za kubeba cheche. Tena usitazame nguvu peke yake, tazama na kugeuka kwake. Upepo unaogeuka-geuka, na chamchela zinazoinuka uwanjani, ni alama mbaya kuliko upepo mkali uendao njia moja.

Nne, mwili wako. Midomo ikipasuka na ngozi ikiwa nyeupe kwa ukavu, ndivyo majani nayo yalivyo.

Tano, saa. Tangu saa sita ya mchana hata saa kumi ndio wakati ambapo jua limekausha kila kitu na upepo umepata nguvu. Kazi yo yote ya moto iliyoruhusiwa na ifanywe asubuhi, nayo ikome kabla jua halijawa kali.

Tena mtu asidhani ya kuwa hatari huja na joto tu. Tarehe 11 Oktoba 2020 moto ulishika mlimani Kilimanjaro, karibu na mahali paitwapo Whona, ambapo wapandao mlima hupumzika. Huko juu ni baridi, na mtu hutembea amevaa sweta. Hata hivyo vichaka vilikuwa vikavu na upepo ulikuwa mkali, na moto uliteketeza zaidi ya kilometa za mraba 90. Mamia ya watu walikwenda kuupiga, nao ulishindana nao siku nyingi. Ukavu na upepo vikipatana, baridi haizuii.

Zikionekana alama hizo, nyumba ya Kikristo ifanye hivi siku ile. Shamba lisichomwe. Mkaa usichomwe. Mrina asali asiende na mwenge. Mvuta tumbaku asitupe kipande chake njiani. Mama apikaye nje ahamishe mafiga mahali palipofagiwa, penye kizuizi cha upepo, na maji yawe karibu. Jivu la jikoni lisimwagwe jalalani mpaka limwagiwe maji na kukorogwa, kwa sababu kaa moja lililolala ndani ya jivu laweza kuamka baada ya siku nzima. Na aliye na redio au simu asikilize habari za Mamlaka ya Hali ya Hewa, awaambie na jirani zake wasio nazo.

Kujitayarisha kabla ya siku hiyo

Kazi kubwa hufanywa mapema, majani yakiwa bado na ubichi, kama mwezi wa Mei au Juni. Fyekeni majani kuizunguka nyumba hatua kumi na tano kila upande, mfagie hata udongo uonekane. Upande wa bondeni ongezeni, kwa maana moto upandao kilima hukimbia sana: ndimi zake huinama juu ya majani yaliyo mbele na kuyakausha kabla haujayafikia. Wataalamu husema kila mwinuko wa digrii 10 waweza kuuzidishia moto mwendo mara mbili. Kuni na mabua yasirundikwe ukutani. Matawi yaliyoinamia paa yakatwe. Wenye nyumba za nyasi wajue ya kuwa nyumba yao yaweza kuungua hata moto wenyewe usipofika, kwa sababu cheche huruka mbali mbele ya moto na kutua juu ya paa. Ngazi na ndoo za maji ziwe tayari, lakini mtu asipande juu ya paa moto ukiwa umekwisha kukaribia.

Atakaye kuchoma shamba aombe ruhusa kwa viongozi wa kijiji, awape jirani habari, akate njia ya kuzuia moto kulizunguka shamba, awe na watu wazima wa kutosha, wala asiondoke mpaka ameligusa jivu kwa mkono na kuliona limepoa.

Moshi ukionekana

Hapa ndipo wengi wapoteapo, maana husimama kutazama. Tarehe 7 Februari 2009, siku ya Jumamosi, katika jimbo la Victoria nchi ya Australia, joto la mji wa Melbourne lilifika digrii 46.4, na upepo wa moto ulivuma kutoka bara. Jioni upepo uligeuka ghafula. Ule moto uliokuwa mrefu na mwembamba ukageuza ubavu wake ukawa uso, na watu waliodhani umewapita wakauona unawajia. Walikufa watu 173. Wengi wao walifia nyumbani mwao au karibu nazo, na wengine waliondoka wakati ulipokuwa umekwisha kupita. Tume iliyochunguza mambo hayo ilisema wazi ya kuwa kuondoka mapema ndiyo njia iliyo salama kuliko zote.

Basi siku ya hatari mwone moshi upande utokako upepo, msingoje kuona ndimi za moto. Wazee, wagonjwa, wenye mimba na watoto waondoke kwanza, tena kwa njia iliyo mbali na moshi hata ikiwa ndefu. Kila nyumba ichague mapema mahali pa kukutania: uwanja uliofagiwa, shamba lililolimwa, mchanga wa mto. Fungueni mbuzi na ng'ombe, msiwavute. Mnyama aliyefunguliwa hujitafutia njia. Chukueni maji, dawa za mgonjwa, na karatasi za nyumba ikiwa ziko karibu. Magunia yaacheni. Mtu akikumbuka kitu, asirudi. Gunia laweza kulipwa, sisi tumelilipa. Miguu ya mtoto hailipwi.

Katika Tanzania Jeshi la Zimamoto na Uokoaji huitwa kwa simu 114. Mtu mmoja apewe kazi hiyo, aseme jina la kijiji na njia ya kufikia. Lakini kwa sisi tukaao mbali, msaada huo huchukua muda kufika, na kuita hakumzuii mtu kuondoka.

Wanaume wanaokwenda kuupiga moto wasiende peke yao, wala wasisimame mbele yake. Waupige kutoka ubavuni na nyuma, miguu ikiwa juu ya ardhi iliyokwisha kuungua. Ndimi zikipita urefu wa mtu, matawi hayana kazi tena. Waondoke bila kuona haya. Watoto wasipelekwe kamwe. Sisi tuliwapeleka.

Moto ukimkuta mtu njiani

Asikimbie kupanda kilima mbele ya moto. Akimbilie ubavuni, nje ya njia ya upepo, au mahali pasipo majani: njia pana, miamba, mto, shamba lililolimwa. Ndimi zikiwa fupi na nyembamba, aweza kupita upesi mahali zilipo dhaifu hata kufika penye jivu, maana palipoungua hapaungui mara ya pili. Akikosa njia yo yote, alale kifudifudi katika shimo au mfereji usio na majani, miguu ielekee moto, ajifunike udongo au nguo nzito ya pamba au sufu, na uso wake uwe chini karibu na ardhi ambako hewa ni baridi zaidi. Asiingie kisimani, kwa sababu hewa ya humo huharibika. Asijifiche kichakani. Nguo za nailoni huyeyuka na kushika ngozi, kwa hiyo ni hatari. Nguo ikishika moto, asikimbie. Ajiangushe chini, afunike uso, ajigeuze-geuze hata uzimike.

Mtu aliyeungua

Amwagiwe maji safi ya baridi yanayotiririka muda wa dakika 20, au yamwagwe kwa kikombe pasipo kukoma. Avuliwe pete, bangili na viatu kabla hajavimba, lakini nguo iliyogandamana na ngozi isivutwe. Kisha afunikwe kitambaa safi, mwili uliobaki utiwe joto kwa blanketi, apelekwe hospitali. Msipake mafuta, wala unga, wala mavi ya ng'ombe, wala dawa ya meno, wala msipasue malengelenge. Yule kijana wetu alipakwa mafuta ya kupikia na watu wenye huruma, na mganga alituambia ya kuwa kuyaondoa yale mafuta ndiko kulikomwumiza zaidi. Huruma isiyo na maarifa nayo huunguza. Aliyevuta moshi mwingi, hata ikiwa ngozi yake ni nzima, atazamwe na mganga, kwa maana kifua chaweza kuziba baadaye.

Neno kwa walimu na wakuu wa nyumba

Walimu wenzetu, ninyi mmekabidhiwa watoto wa watu wengine. Wafundisheni mara moja kila muhula namna ya kutoka darasani kwa safu, mahali pa kusimama, na kuitikia majina yao. Zoezi hilo halipiti robo ya saa. Yule mwenye daftari la majina awe wa mwisho kutoka, naye asiliache daftari. Majani ya shule na yafyekwe kwa mundu, yarundikwe yaoze yawe mbolea. Ni kazi ya siku tatu badala ya saa moja, lakini tangu mwaka 2012 sisi hatukuona kazi nyingine nyepesi kuliko hiyo.

Nanyi wakuu wa nyumba, someni Kitabu cha Kutoka, sura ya 22, mstari wa 6. Mtaona ya kuwa tangu zamani sheria ya Musa ilimtaka mtu aliyewasha moto alipe, ikiwa umeshika miiba na kuteketeza nafaka ya mwenziwe. Haikuuliza kama alikusudia. Iliuliza nani aliwasha. Nasi twaona ni haki, kwa maana moto ukisha kutoka mkononi huwa hauna mwenyewe, lakini hasara ina mwenyewe, na mara nyingi ni mjane aliye juu ya kilima.

Basi mwezi huu, mtu akija mlangoni pako, awe mzee, awe mtoto, awe asiyejua kusoma hata herufi moja, akakuambia, "Upepo wa leo si mzuri," usimjibu kama tulivyojibu sisi. Chuma jani, likunje, lisikilize. Likilia, weka kiberiti mfukoni, umshukuru, ungoje alfajiri.

Bibi yule alifariki mwaka 2019, naye amezikwa karibu na kanisa. Majani yanayolizunguka kaburi lake huyafyeka yule kijana mwenyewe, kwa mundu, mapema kila mwaka kabla hayajakauka. Hakuna aliyempa kazi hiyo.

Mwezi ujao, tukijaliwa, tutarudi jikoni kwetu na kusema juu ya vyombo na nzi. Mungu azilinde nyumba zenu, nanyi mzilinde pamoja naye.

Ndimi ndugu yenu katika Kristo,
Katekista